Oveni ya gesi au maikrowevu ya konveksheni: kampa ipi itakuokea mkate?

Swali:

"Fundi, shikamoo. Mimi na mume wangu tunaishi Ohio na watoto wawili, na tumeamua kununua kampa, yaani nyumba ya safari ya kuvutwa na gari, iliyotumika, ya futi 24. Tumebakiwa na mbili, bei karibu sawa. Ya kwanza ina oveni ya gesi ya inchi 17 chini ya jiko. Ya pili haina oveni, ila ina maikrowevu ya konveksheni (yenye waya wa joto na feni ya kuokea) juu ya jiko, na paneli moja ya sola ya wati 200 juu ya paa. Mume wangu hataki kusikia habari ya oveni ya gesi ndani ya kitu tunacholala na watoto. Shangazi yangu ananiambia maikrowevu inaua chakula na inaleta saratani. Muuzaji anasema ile sola inatosha kuendesha kila kitu. Wikiendi nyingi tutalala kwenye mbuga za jimbo letu zenye umeme, lakini Agosti tunakwenda mbuga ya taifa ya Yellowstone, magharibi mwa Marekani, siku kumi na kambi tuliyopata haina umeme. Mimi ni mtu wa kuoka: mkate wa kumimina, keki, kuku mzima. Nichukue ipi?"

Jibu:

Marahaba, dada yangu. Umeniletea hofu ya shemeji, hofu ya shangazi na ahadi ya muuzaji, na kila moja inakuvuta upande wake. Tuzipitie moja moja, kisha tuje kwenye mkate, maana naona ndio hasa unaotaka kujua habari zake.

Ya shemeji kwanza, kwa kuwa ndiyo nzito. Ana haki ya kuogopa, ila anaogopa kitu kisichotofautisha hizi kampa mbili. Ile isiyo na oveni ya gesi bado ina gesi. Nendeni mbele yake, pale trela inapoungana na gari: mtakuta mtungi mmoja au miwili ya propeni. Jiko la juu linatumia gesi hiyo, hita ya kupasha chumba inatumia gesi hiyo, na mara nyingi friji na hita ya maji pia. Na hita ya chumba huwaka usiku mmelala, wakati oveni huwaka uko macho, umesimama mbele yake. Kwa hiyo mkiikataa oveni mmepunguza kichomeo kimoja, mabomba yako palepale.

Hatari zenyewe ni mbili. Kuna kuvuja: propeni ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu, hivyo ikitoroka hutambaa na kutulia sakafuni. Ndiyo sababu king'ora cha gesi hufungwa chini kabisa, kwenye kimo cha kifundo cha mguu. Halafu kuna kaboni monoksaidi, ile sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo sisi tunaifahamu kwa visa vya familia iliyoingiza jiko la mkaa chumbani usiku wa baridi na asubuhi haikuamka. Gesi inayoungua vizuri, kwa mwali wa buluu uliotulia, hutoa sumu hii kidogo sana. Ikikosa hewa, au kichomeo kikiwa kichafu na mwali umegeuka njano, hutoa nyingi.

Kinga yake si ngumu. Kabla hujawasha, fungua dirisha moja na kile kifuniko cha paa. Anza na dirisha, kwa sababu feni ya paa ikivuta hewa huku kila kitu kimefungwa inaweza kuuvuruga hata mwali. Usifunike sakafu ya oveni kwa karatasi ya foili ili kuzuia uchafu, maana matundu yale ndiyo njia ya hewa. Vigeuze ving'ora vyote viwili, cha gesi na cha kaboni monoksaidi, usome tarehe ya kutengenezwa. Cha gesi kwa kawaida huisha kazi kati ya miaka 5 na 7, na kampa iliyotumika mara nyingi bado inabeba kile ilichozaliwa nacho. Taa ya kijani kuwaka haina maana kwamba kinanusa. Na nakuomba hili kwa msisitizo wote nilio nao: oveni isitumike kupasha chumba, hata dakika kumi, hata watoto wakilia baridi. Oveni haina bomba la kutoa moshi nje, hita ya chumba inalo.

Kuhusu shangazi, mpe heri yangu na umweleze hivi. Mawimbi ya maikrowevu ni ukoo mmoja na mawimbi ya redio. Hutikisa chembe za maji zikapata joto, ila hayana nguvu ya kuvunja chembe za urithi mwilini kama ilivyo kwa eksirei. Ukifungua mlango yanakatika papo hapo, wala hayabaki kwenye chakula. Sheria ya Marekani inaruhusu mvujo usiozidi miliwati 5 kwa sentimita ya mraba, ukipimwa sentimita 5 kutoka kwenye mashine, kwa maisha yake yote, na kiwango hicho kiko chini sana ya kile kinachoweza kumdhuru mtu. Kinachopaswa kumtia wasiwasi ni mlango uliopinda au usiofunga sawasawa, na kwenye kampa iliyotikiswa barabarani miaka mingi hilo hutokea, kwa hiyo uangalie. Vitamini nazo hupotezwa na maji mengi na muda mrefu motoni. Mchicha uliochemshwa nusu saa umepoteza kuliko uliopitishwa kwenye maikrowevu dakika tatu.

Isitoshe, ukibonyeza konveksheni peke yake mawimbi hayahusiki kabisa. Ndani ya lile sanduku kuna waya wa joto, kama ule wa pasi, na feni inayozungusha hewa. Ni oveni ndogo ya umeme iliyokaa nyumba moja na maikrowevu.

Sasa mkate. Bibi zetu wa pwani walijua jambo ambalo watengenezaji wa kampa hawakulipa uzito. Unapopika mkate wa kumimina kwa makaa unaweka machache chini ya sufuria na mengi juu ya kifuniko, ndiyo kupalia, kwa sababu chini huiva haraka na juu hubaki peupe. Rangi ile ya kahawia haiji mpaka uso wa mkate ukauke na kuzidi nyuzi 140 za Selsiasi hivi. Palipo na unyevu joto hukwama kwenye mia, ndiyo maana maikrowevu ya kawaida hukupa keki iliyoiva lakini iliyopauka kama ugali.

Oveni ya gesi ya kampa ina moto wa chini tu. Kichomeo kimoja kimepita katikati, juu yake kuna bamba la chuma, na juu ya bamba, karibu mno, kuna wavu wako. Haina feni, na kuta ni nyembamba. Keki yako ya kwanza itaungua mstari katikati huku juu ikiwa bado inatetemeka, nawe utadhani umekosea vipimo. Hujakosea. Dawa ni jiwe la kuokea, au vigae vya udongo visivyopakwa rangi wala king'arisho, uviweke kwenye wavu wa chini ukiacha nafasi ya kidole au viwili pande zote hewa ipite. Jiwe linameza ule mstari wa moto na kuutoa taratibu kwa upana wake wote. Ongeza kipimajoto cha kuning'iniza ndani, kwa sababu namba za kwenye kitufe ni makadirio tu, na washa dakika 20 kabla ya kuingiza kitu. Ukifanya hivyo chini patatulia. Juu patabaki na tabia yake: nyanyua chombo wavu wa juu dakika za mwisho, au upindue mkate kama tunavyofanya kwenye jiko. Oveni nyingine zina sehemu ya kuchomea ya moto wa juu, ya inchi 17 mara nyingi haina.

Maikrowevu ya konveksheni, kwa mkate wako, ni mwalimu mpole zaidi. Feni inapeleka joto juu, pembeni na nyuma, na rangi inatokea pande zote. Kwa sababu hewa inakimbia, punguza nyuzi 25 za Fahrenheit kwenye maelekezo uliyozoea: penye 350 weka 325. Ubaya wake ni sahani inayozunguka. Chombo chochote lazima kizunguke bila kugonga ukuta, kwa hiyo sufuria ya mpini haifai, na sinia la mstatili linalokaa vizuri kwenye oveni ya gesi litakwama hapa. Bati na alumini ni ruhusa kwenye konveksheni peke yake. Ukichanganya na mawimbi, soma kwanza kitabu cha mashine hiyo. Kuku mzima wa kilo moja na nusu kwa mchanganyiko huo huiva mapema na ngozi yake inakauka vizuri, hapo oveni ya gesi haioni ndani.

Kama kampa zingekuwa zinaegeshwa daima penye umeme mzuri, ningekuambia chukua ya konveksheni na tungemaliza hapa. Lakini tufuate umeme wenyewe unatoka wapi.

Nguzo ya umeme utakayoikuta kwenye mbuga nyingi ina tundu la ampea 30 kwa volti 120, yaani wati 3,600. Konveksheni inakula kama wati 1,500, ampea 12 au 13. Kiyoyozi cha kampa ya futi 24 kikishaanza kuzunguka kinakula karibu kiasi hichohicho. Hita ya maji ikiwa kwenye umeme, ampea 12 nyingine. Jumlisha na friji na chaja ya betri uone: Julai, saa kumi jioni, kuku yuko ndani, mtoto anataka kuoga maji ya moto, na swichi kuu inajikata. Suluhisho ni kuweka hita ya maji kwenye gesi na kuzima kiyoyozi wakati wa kuoka, na hilo si dogo kwa joto la Ohio. Kambi ikijaa na kila mtu amewasha kiyoyozi, volti nazo hushuka. Nimepima 105 penye nguzo iliyopaswa kuwa 120. Waya wa joto unaotoa wati 1,500 kwa volti 120 hutoa kama 1,150 tu kwa 105, ndipo mkate wa dakika 40 unapochukua saa nzima na mpishi anailaumu hamira.

Mkiegesha nyumbani na kuchomeka kwenye tundu la kawaida la ampea 15, konveksheni iwe peke yake. Msitumie waya mwembamba wa kurefushia. Plagi nyingi nilizokuta zimeyeyuka zilianza na pini iliyolegea kidogo na mzigo wa saa nzima. Ukigusa plagi ikakuchoma mkono, chomoa.

Twende Yellowstone sasa, kwenye kambi isiyo na umeme. Muuzaji wako amekupa matumaini yasiyo na hesabu. Paneli ya wati 200, siku nzuri ya kiangazi, hukupa kati ya wati-saa 800 na 1,000 kwa siku nzima. Kuoka dakika 45 kwa wati 1,500 ni kama 1,100. Yaani jua la kutwa halimalizi mkate mmoja, na bado hamjawasha taa wala pampu ya maji. Betri ya kawaida ya asidi ya ampea-saa 100 hupaswi kuitumia zaidi ya nusu, ambayo ni wati-saa 600. Ya lithiamu ya ukubwa huohuo ina 1,280, lakini kuvuta wati 1,500 kupitia inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) kwa volti 12 ni ampea 140 hivi, na betri nyingi za lithiamu za 100 hujizima zikivutwa zaidi ya ampea 100. Itazima muda mfupi baada ya kuanza, mkate ukiwa ndiyo kwanza unavimba. Tena muulize kama maikrowevu imeungwa kwenye inveta hata kidogo. Kampa nyingi zinaiunga kwenye umeme wa nguzo na jenereta tu.

Atakuambia ununue jenereta. Ile ya kubeba mkononi inayoandikwa 2,200 hutoa wati 1,800 mfululizo, nawe utaona 1,800 inazidi 1,500 na kuridhika. Ila kambi za Yellowstone ziko juu, nyingi kati ya futi 6,500 na 8,000 hivi, na injini hupoteza karibu asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila futi 1,000 kwa sababu hewa ni nyepesi. Kwenye futi 7,800 ile 1,800 imebaki kama 1,300. Jenereta iliyooka vizuri Ohio itanguruma na kujikata ukiwa huko, nawe hutajua kwa nini. Na pale jenereta zinaporuhusiwa mbugani humo, ni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku tu.

Gesi nayo? Kichomeo cha oveni yako kinakula kama gramu 150 za propeni kwa saa kikiwaka kwa nguvu zote. Mtungi wa kawaida wa ratili 20 una kilo 9. Hata ukioka kila siku kwa siku kumi hizo, hutamaliza robo ya mtungi. Haijali wingu, haijali saa mbili usiku. Hewa ya mlimani inaidhoofisha kidogo, basi mpe mkate dakika za nyongeza. Huko juu keki huvimba kwa pupa kisha huanguka, punguza hamira au baking pauda kidogo, hilo linahusu oveni zote mbili. Jua pia kwamba gesi ikiungua inazaa maji, karibu robo lita kwa kila saa ya oveni, na usiku wa baridi utayaona yakitiririka kwenye vioo. Ile dirisha iliyofunguliwa inakusaidia hapo pia.

Kwa hiyo, dada yangu, mimi ningechukua yenye oveni ya gesi. Kilichoniamulia ni kwamba kampa yenye oveni ya gesi unaweza kuiongezea kioveni cha umeme cha mezani chenye feni ukachomeka penye nguzo, wikiendi zote za Ohio, bila kumwita fundi. Kampa isiyo na oveni ya gesi, kuja kuiongezea ni kukata kabati, kuvuta bomba, kuacha nafasi salama kutoka kwenye mbao, na kulipa. Mlango wa kwanza unabaki wazi, wa pili umefungwa.

Ila shemeji akishasikia yote haya bado hatapata usingizi, mchukue ile nyingine kwa amani. Safari ya familia si mahali pa kushindana. Huko Yellowstone utatumia jiko la juu: sufuria nzito, kifuniko, moto mdogo kabisa, unapindua. Mbuga za Ohio unaweza kubeba sufuria ya chuma cha kusubu yenye kifuniko cha ukingo na kupalia makaa juu kama bibi. Usitegemee hilo Agosti upande wa magharibi, kwa sababu nyika zikikauka moto wa kuni na makaa hupigwa marufuku huku majiko ya gesi yenye kitufe cha kuzimia mara nyingi yakiachwa. Na Yellowstone sufuria yenye harufu ya chakula hailali nje, kuna dubu.

Kuna mambo usiyafanye mwenyewe. Kabla hamjalipa, mlete fundi wa kampa aliyesomea kazi aipime gesi kwa kipimo chake: presha baada ya regyuleta (kile kifaa cha mtungini kinachopunguza presha ya gesi) iwe karibu inchi 11 za maji, ndicho kipimo wanachotumia mafundi, na ikifungwa isishuke. Mipira iliyopasuka ufa na regyuleta iliyoshika kutu vibadilishwe bila mjadala. Mwali wa njano, masizi juu ya jiko, king'ora kinacholia bila sababu unayoijua, hivyo vyote ni vya fundi. Ukinusa harufu ya yai viza, usiwashe wala kuzima swichi yoyote: toa watoto, funga mtungi kwa nje, piga 911, namba ya dharura, ukiwa mbali. Kichwa kikiwauma wote kwa pamoja ndani ya kampa, au mtoto akazidiwa na usingizi na kichefuchefu, tokeni nje kwanza, pigeni simu, msirudi ndani mpaka wazimamoto wapime hewa. Chukua pia namba ya utambulisho ya kampa uiingize kwenye tovuti ya NHTSA, idara ya usalama barabarani, uone kama kuna kitu kiliitwa kurudi kiwandani na mwenyewe hakupeleka.

Siku mnakwenda kuiona, beba boflo la vipande. Mwambie muuzaji aweke mtungi wenye gesi, kisha mwombe asikuwashie, uwashe wewe: piga magoti, bonyeza kitufe, ingiza kiberiti kirefu mpaka uone kile kimwali kidogo, shikilia kidogo ndipo uachie. Weka nyuzi 350, subiri dakika 20, upange vipande vya boflo wavu mzima bila kuacha nafasi, na ufunge dakika tano. Ukivitoa utakuwa na ramani ya oveni hiyo mkononi, palipoungua na palipobaki peupe. Upande mmoja ukiwa mweusi na mwingine haujaguswa kabisa, kichomeo kimeziba au kimepinda, na hilo liingie kwenye bei. Ukiwa ni ule mstari wa katikati tu, hiyo ni oveni nzima, nunua jiwe.